Unataka vyeti vya Bongo vikubalike majuu? Anzia hapa hapa Dar

"Hivi digrii ya Bongo inatambulika majuu?" Hili swali naulizwa karibu kila wiki, wadogo zangu wa mtaani hapa Sinza wananiuliza, watu wa kanisani wananiuliza, juzi hapa kaniuliza dada mmoja tumekaa siti moja kwenye mwendokasi la Kimara, kashika bahasha ya khaki yenye vyeti vyake vyote kaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Na kila mara inabidi mimi ndio niulize kwanza: itambulike na nani, kwa ajili ya nini? Maana digrii hiyo hiyo moja inaweza kukubaliwa na uhamiaji wa Kanada, ikakubaliwa na chuo ukasome masters, alafu bodi ya wauguzi au ya wahandisi wa nchi hiyo hiyo ikakwambia bado, kafanye mtihani wetu kwanza. Watu hawaambiwi hili mapema, wanauza kiwanja, wanafika kule ndio wanajua.

Mimi nimepitisha vyeti vyangu vya uhasibu kwa ajili ya Kanada, mdogo wangu wa kike ni nesi na saivi yuko Uingereza, na rafiki yangu tuliyekaa naye hosteli moja ni injinia yuko Toronto. Nayoandika hapa ni tuliyoyapitia sisi watatu, nimeyapanga kwa hatua ili wewe usizungushwe kama tulivyozungushwa.

Hatua ya kwanza, kabla hujalipa hata shilingi: jua nani ataamua

Kuna milango minne na kila mmoja una mtu wake. Uhamiaji wanataka kujua digrii yako ni sawa na nini kwao, ili wakupe pointi au viza. Chuo kinaamua chenyewe kama kinakupokea. Mwajiri wa kazi ya kawaida, mfano mauzo, IT, utawala, naye anaamua mwenyewe, akiipenda sivii yako basi. Mlango wa nne ndio mgumu, bodi ya taaluma. Udaktari, uuguzi, ufamasia, ualimu wa shule za serikali, uwakili, hizi kazi karibu kila nchi zina sheria yake, huruhusiwi kugusa kazi bila leseni ya kule hata kama una digrii tatu. Injinia inategemea nchi, kuna pengine unafanya kazi chini ya mwenye leseni lakini hausaini michoro.

Sasa nchi kwa nchi, kwa ufupi.

Kanada, ukiomba kupitia Express Entry, ule mfumo wao wa uhamiaji wa pointi, unahitaji ripoti inaitwa ECA, inasema digrii yako inalingana na nini ya Kanada. Kati ya wanaoitoa, wanaojulikana zaidi hapa mjini ni WES, lakini wapo wengine waliopitishwa na serikali ya Kanada kama CES ya Chuo Kikuu cha Toronto, IQAS ya Alberta na ICAS. Daktari hatumii hao, anapitia Baraza la Madaktari la Kanada, na mfamasia ana bodi yake ya mitihani, kwahiyo ukiwa daktari ukalipia WES kwa ajili ya uhamiaji umepoteza hela yako. Ripoti inakaa miaka 5, ikipita hapo ni kuomba upya. Na hapa naomba unisikilize vizuri, ECA SIO LESENI. Nairudia kwasababu rafiki yangu injinia alifika Toronto na ripoti yake mkononi inasema digrii yake ni sawa na ya uhandisi ya Kanada, akajua kazi imeisha, kumbe leseni ya uhandisi inatolewa na mkoa na ina mtihani wake na miaka yake ya uzoefu. Alibeba boksi kwenye ghala mwaka mzima na nusu ndio akaanza kuelewa njia.

Uingereza, chombo cha kulinganisha vyeti ni UK ENIC, zamani kikiitwa UK NARIC, jina lilibadilika 2021 baada ya wao kutoka Umoja wa Ulaya. Kwa nesi lakini anayeamua ni NMC, baraza lao la wauguzi, kwa daktari ni GMC, baraza lao la madaktari. Ujerumani kuna databesi ya bure kabisa inaitwa anabin, unaingia unatafuta chuo chako, kikiwa na alama H+ kinatambulika, H- hakitambuliki, na kama ipo H+/- maana yake inaangaliwa kesi kwa kesi. Kama digrii yako haimo unaomba ofisi yao inaitwa ZAB ikutolee barua ya ulinganisho. Marekani haina ofisi moja ya serikali ya kazi hii, hamna, kila chuo na kila jimbo linachagua kampuni za tathmini linazozikubali, wengi wanataka iliyo chini ya umoja unaoitwa NACES, kwahiyo waulize kwanza wale wanaoenda kuipokea ripoti wanataka kampuni gani. Uarabuni, hasa kazi za afya, kuna DataFlow, kampuni ya kuhakiki vyeti, hao wanaandika moja kwa moja kwa chuo chako na mwajiri wako wa zamani kuuliza kama kweli, na mara nyingi cheti kinatakiwa kipite Wizara ya Mambo ya Nje yetu kugongwa muhuri alafu ubalozi wa nchi husika.

Andika kwenye karatasi: nchi gani, kazi gani, nani anaamua. Kama hujaweza kujaza hayo matatu usiendelee na hatua ya pili.

Hatua ya pili: chuo chako kinasimama wapi hapa nyumbani

Wakaguzi wa kule kitu cha kwanza wanachoangalia ni kama chuo chako kinatambuliwa na mamlaka ya nchi yake. Kwetu digrii ni TCU, tume ya vyuo vikuu, diploma na cheti ni NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, ile iliyokuwa NACTE zamani. Ingia kwenye tovuti zao uangalie chuo na kozi, hasa kama ulisoma chuo kilichobadilisha jina au kilichofungwa katikati, maana hapo utahitaji barua ya kueleza nani sasa anatunza kumbukumbu za wanafunzi wa zamani. Mfano wa jina kubadilika ni MUHAS, chuo cha afya cha Muhimbili, imekuwa chuo kikuu kamili 2007, kabla ya hapo ilikuwa chuo kishiriki chini ya Mlimani, yaani UDSM, na mtu aliyemaliza zamani cheti chake kina jina la UDSM. Usiache mkaguzi wa Ujerumani au Kanada akisie mwenyewe, eleza kwa mstari mmoja.

Uliyesoma India, Uganda, China au Ukraine ukarudi Bongo: TCU inakutambua kwa ajili ya kazi za HAPA. Ukitaka kwenda Kanada na digrii ya India, transkripti, ile karatasi ya matokeo ya kozi zako zote, inatoka chuo cha India, TCU haiwezi kukutumia. Watu wengi wanachanganya.

Hatua ya tatu: majina

Hapa ndipo walipo watu wengi waliokwama. Cheti cha kuzaliwa kina jina moja la mtoto na la baba, cheti cha form four kina majina mawili, cha chuo kina matatu, NIDA ina matatu ila herufi moja tofauti, pasi ya kusafiria imefuata NIDA, na dada ukiolewa linaongezeka la mume. Kwetu sisi tunaelewana, Mwajuma na Mwanajuma tunajua ni mtu mmoja. Kule mashine inasoma hao ni watu wawili.

Fanya hivi. Kaa mezani, toa vyeti vyote, andika kwenye daftari jina kama lilivyoandikwa kwenye kila kimoja, herufi kwa herufi, kuanzia cha kuzaliwa mpaka pasi. Mdogo wangu tulipofanya hivyo tukakuta jina la baba limeandikwa kwa "ss" kwenye cheti cha form six na "s" moja kwingine kote, miaka kumi hajawahi kuona! Tofauti ndogo ya mpangilio au jina la katikati kukosekana, kiapo kwa wakili mara nyingi kinatosha, kinasema fulani na fulani ni mtu yule yule. Kama umebadilisha jina kabisa unahitaji deed poll, hati ya kisheria ya kubadili jina, iliyosajiliwa, na kwa ndoa cheti cha ndoa. Pasi ya kusafiria ndio iwe jina lako kuu, akaunti zote utakazofungua huko nje zifuate pasi, usichanganye.

Fanya hili mapema. Kurekebisha jina kwenye ofisi zetu ni njoo kesho, njoo wiki ijayo, mafaili yako chini, anayesaini kasafiri.

Hatua ya nne: transkripti, na hii bahasha

Nimekaa sana kwenye hili kwasababu ndio limenila miezi mitano ya maisha yangu.

Sisi tumezoea kwenda steshenari, kutoa kopi, kupeleka kwa wakili anagonga "nakala halisi", kazi imekwisha. Kwa kazi za hapa Bongo sawa. Kwa WES na wenzake huo muhuri wa wakili kwenye transkripti hauna kazi, wao wanataka chuo chenyewe kiseme. Kwahiyo utaratibu uko hivi: unafungua akaunti yako kwanza, unapata namba ya kumbukumbu, unapewa fomu ya kupeleka chuoni, ofisi ya msajili wa taaluma inajaza sehemu yake, inaweka transkripti pamoja na fomu kwenye bahasha, inafunga, inasaini au kugonga muhuri PALE KWENYE MSHONO wa mdomo wa bahasha, alafu inatumwa. Vyuo vingine vinaweza kutuma kwa njia ya mtandao moja kwa moja, uliza kwanza maana inaokoa hela ya kuria na muda.

Ile bahasha ukikabidhiwa mkononi uipeleke kuria mwenyewe, usiifungue. Najua utatamani kuona walichoandika. Mdogo wangu alifungua, yuko kwenye daladala la Mbagala, akasema nachungulia tu narudishia gundi, muhuri ukapasuka katikati ikabidi arudi kulipia upya na kusubiri upya. Omba transkripti mbili, moja ya kwako ya kuangalia nyumbani, moja iende imefungwa.

Na hii yako ya nyumbani igeuze nyuma. Nyuma ya transkripti nyingi za vyuo vyetu, kwa maandishi madogo madogo ya kijivu, kuna jedwali la madaraja: first class 4.4 mpaka 5.0, upper second 3.5 mpaka 4.3, lower second 2.7 mpaka 3.4, pass 2.0 mpaka 2.6. Ni la maana sana hilo jedwali. Sisi tunahesabu GPA kwa tano, Wamarekani na Wakanada wanahesabu kwa nne. Mtu mwenye 3.8 ya kwetu ana upper second safi, ila 3.8 kwa macho ya kule ni mwanafunzi wa juu kabisa, na mwenye 3.0 ataonekana tofauti na alivyo. Mkaguzi mzuri anabadilisha kozi kwa kozi kufuata lile jedwali, kama halimo ataenda kwa anavyojua yeye. Kwahiyo ukiskani kwa ajili ya chuo au mwajiri, skani pande zote mbili. Nimeona vijana pale steshenari wanaskani upande wa mbele tu, karatasi ya nyuma inabaki kama haina kitu, na kwenye sivii wanaandika GPA bila kuandika "kati ya 5.0". Andika, tafadhali.

Kuhusu ucheleweshaji: chuo nilichosoma, sikitaji, barua yangu ilikaa kwenye meza ya mtu wiki tisa. Hakuna aliyenikatalia, hakuna aliyeniomba chochote, ilikaa tu. Kilichonisaidia ni vitu vitatu. Nilienda na kopi ya fomu iliyojazwa tayari kila kitu kasoro saini yao, nikalipa kwa kontrol namba siku hiyo hiyo nikaambatanisha risiti, na nikaanza kwenda kila Jumanne saa tatu asubuhi kumsalimia yule mama wa masjala kwa heshima zote, shikamoo mama, nimekuja tena kuhusu lile faili. Wiki ya tatu ya kwenda akalitafuta mwenyewe. Kama upo mkoani au nje, tafuta ndugu mmoja mvumilivu wa Dar, umpe barua ya idhini iliyosainiwa na kopi ya kitambulisho chako, bila hiyo hawamsikilizi na wapo sahihi.

Hatua ya tano: NECTA

Sio kila mtu anahitaji, ila vyuo vingi vya Ulaya na baadhi ya bodi wanataka kuona form four na form six. Kama cheti kimepotea anza na ripoti ya polisi ya upotevu, alafu fuata maelekezo ya NECTA, baraza letu la mitihani, kwenye mfumo wao, matokeo wanaweza kuyathibitisha wao wenyewe kwa taasisi unayoitaja. Usikubali kabisa mtu akwambie atakutengenezea kingine kinachofanana. Mnakumbuka Aprili 2017, uhakiki wa vyeti serikalini ulikuja na majina 9,932 ya watumishi wenye vyeti feki, Rais Magufuli akapokea ripoti Dodoma. Cheti kimoja cha kutengeneza kikikamatwa kule nje, hata vile vya kweli ulivyovisotea havisomwi tena, na unaweza kufungiwa kuomba kwa miaka.

Hatua ya sita: lugha

Usijidanganye kwamba umesoma kwa Kiingereza toka form one basi imetosha. Tanzania haimo kwenye orodha ya Uingereza ya nchi zinazohesabiwa ni za wazungumzaji wa Kiingereza. Kwa baadhi ya viza, digrii iliyofundishwa kwa Kiingereza inaweza kukuondolea mtihani lakini mpaka Ecctis, wale wanaoendesha UK ENIC, wathibitishe. Omba chuoni barua ya lugha ya kufundishia siku hiyo hiyo unayoomba transkripti. Manesi na madaktari wengi wanaishia kufanya mtihani wa Kiingereza, IELTS au OET. Ujerumani kwa nesi jiandae na Kijerumani cha kiwango cha B2, taasisi ya Goethe pale Upanga wanafundisha, anza leo maana lugha ndio inachukua muda kuliko karatasi zote.

Wauguzi, hii ni yenu peke yenu

Mdogo wangu alipitia hivi: Baraza la Uuguzi na Ukunga la hapa likathibitisha usajili wake moja kwa moja kwa NMC, akafanya mtihani wa kompyuta, akapata hospitali ya kumdhamini, akaenda, akafanya OSCE, mtihani wa vitendo, kule kule. Kabla hajafaulu OSCE hakuwa nesi kule, alifanya kazi kama msaidizi, yeye mwenye miaka sita ya wodini Temeke anaelekezwa namna ya kutandika kitanda na binti wa miaka kumi na tisa. Alilia kwenye simu siku hiyo, na mimi nililia pia. Alifaulu, saivi yuko wodi ya upasuaji.

Jambo moja mlijue. Tanzania ipo kwenye orodha ya WHO ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na kwa kanuni za Uingereza waajiri na ajenti hawaruhusiwi kuja kuwasaka wahudumu kwenye nchi hizo. Wewe mwenyewe kuomba moja kwa moja unaruhusiwa. Kwahiyo akija mtu Kariakoo na fulana yenye bendera ya Uingereza anasema hospitali imemtuma akusanye manesi wa Dar hamsini, walipie fomu, we ondoka hapo.

Ajenti kwa ujumla

Kuna wanaosaidia kweli, ila kazi yote niliyoeleza hapa unaweza kuifanya mwenyewe ukiwa na bando na uvumilivu. Ukiamua kumtumia mtu, akaunti ifunguliwe kwa imeili YAKO na namba ya simu YAKO, nywila unaijua wewe. Rafiki yangu mmoja alifunguliwa akaunti kwa imeili ya ajenti, ripoti ikatoka, ajenti akazima simu, ripoti ni ya kwake ila haipati. Ilibidi aombe upya toka sifuri.

Ripoti imetoka, isome hivi

Usishtuke ukikuta digrii yako imeandikwa "bachelor ya miaka mitatu". Sisi tuna form five na six, wao hawana, kwahiyo wao wanasoma digrii miaka minne sisi mitatu. Kwa pointi za Express Entry, kozi ya chuo ya miaka mitatu au zaidi inahesabiwa kundi moja na bachelor, haujapoteza. Kwenye maombi ya masters Marekani ndio inaweza kuleta maswali, hapo peleka na cheti cha form six waone ile miaka miwili.

Kama kuna kosa la wazi, kozi imerukwa, chuo kimeandikwa sicho, omba mapitio, ni haki yako, weka ushahidi usiweke hasira. Kuna mkataba wa dunia wa UNESCO wa kutambua elimu ya juu, ulipitishwa 2019 na kuanza kutumika Machi 2023, na Afrika tulikuwa na wetu toka 1981, ulisainiwa hapo hapo Arusha. Msingi wake ni kwamba uhakikiwe kwa haki na ukikataliwa uambiwe sababu. Mkataba unazibana nchi zilizouridhia tu, lakini hata kwa nyingine barua ya heshima inayoomba sababu kwa maandishi mara nyingi inajibiwa.

Ukishafika

Ripoti nzuri haimlazimishi mwajiri. Rafiki yangu wa Toronto aliambiwa mara nyingi "huna uzoefu wa Kanada", kumi na moja kwa hesabu yake, na yeye kasimamia ujenzi wa madaraja huku. Mwaka 2023 chombo cha wahandisi cha Ontario kiliondoa sharti la kuwa na uzoefu wa Kanada ili upate leseni, na hapo ndipo mlango wake ulipoanza kufunguka, ila hakukaa akisubiri. Aliomba barua kwa waajiri wake wa zamani wa Dar, zenye tarehe, kazi aliyofanya, thamani ya mradi na jina la injinia aliyemsimamia, akajisajili kama mwanafunzi wa leseni, akachukua kazi ya ufundi mchundo kwenye kampuni ya barabara badala ya ghala. Mshahara mdogo kidogo mwanzoni, lakini kila saa inahesabika.

Hizo barua za uzoefu kazichukue KABLA hujaondoka. Bosi akistaafu au kampuni ikifungwa, kuipata ukiwa kule na tofauti ya saa nane ni mateso. Pia cheti cha usajili cha bodi yako ya hapa, ERB ya wahandisi, NBAA ya wahasibu, Baraza la Madaktari, kiwe hai, lipia ada, na barua ya mwenendo mzuri iombe wakati unajua lini utaituma maana nyingi zinataka ziwe mpya.

Mwisho kabisa, begi. Vyeti halisi vikae kwenye begi la mkononi, kamwe visiende kwenye mzigo wa chini ya ndege. Skani zote kwa PDF, rangi, pande zote mbili, weka kwenye imeili yako na kwenye flashi, na seti moja ya kopi mwachie mama nyumbani kwenye ile sanduku yake, mwonyeshe kabisa ipo wapi, mwandikie juu kwa herufi kubwa VYETI, maana siku chuo kikitaka kopi moja haraka wewe uko kwenye baridi, ni mama atakayepanda bodaboda kukupelekea.